Tulisubiri mtoto wa jicho akomae

Miaka miwili mizima tulimwambia mama avute subira. Kila aliyemchungulia jicho la kulia, lenye ukungu mweupe kwenye mboni, alisema mtoto wa jicho bado hajakomaa. Nasi tukasubiri, kama watu waliovundika ndizi.

Siku tuliyofika kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, daktari aliuliza nani alitushauri kusubiri. Nikatazama sakafu. Akasema habari ya kukomaa ni ya enzi za upasuaji wa zamani. Siku hizi ukungu ukishaanza kumkwamisha mtu kwenye shughuli zake, lenzi iliyochafuka inatolewa na kuwekwa ya bandia. Kisha akapima presha ya macho. Jicho la kulia halikuwa na tatizo jingine. La kushoto, ambalo mama alilitegemea na sisi tukaliona zima kwa kuwa mboni yake ni nyeusi tii, lilikuwa na glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu presha ndani ya jicho iko juu, na tayari ulikuwa umeshamla uoni wa pembeni. Uoni huo haurudi, kwa dawa wala kwa kisu. Matone ni ya kulinda uliobaki. Presha hii kwa kawaida hunyemelea bila maumivu, na si ile ya damu. Mama alidhani vidonge vyake vya presha vinatibu zote mbili.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi, apimwe macho yote mawili, hata lile asilolilalamikia. Beba dawa zake zote. Mama aliulizwa kama ana pumu, akajibu hana, maana ilikuwa imetulia muda mrefu. Mimi nikakumbuka ile pampu yake kwenye mkoba. Matone ya timolol, yanayoandikwa sana kwa glakoma, yanaweza kumbana kifua mwenye pumu, akaandikiwa mengine. Na siku ya kupanuliwa mboni asirudi peke yake, kwa sababu kwa saa kadhaa ataona ukungu na jua litamuumiza. Kofia ya mjukuu ilitusaidia.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko hofu yake. Kijijini alisikia kwamba jicho linang'olewa na kuwekwa kwenye sahani. Halitoki. Alipimwa sukari na presha, akachomwa sindano ya ganzi, akabaki macho huku anawasikia wakiongea, na nusu saa haikuisha akatoka na bandeji. Asubuhi yake nesi akaifungua, akamwonyesha vidole.

"Vitatu," mama akasema. "Na kucha hujakata."

Kazi ilikuwa nyumbani. Mama alifumba jicho kabla tone halijafika, dawa ikaishia shavuni, na chupa ikapungua haraka kuliko wiki tulizoandikiwa. Tulichojifunza: mlaze chali, vuta kope la chini litengeneze kijifuko, dondosha tone moja humo bila mdomo wa chupa kugusa jicho, afumbe taratibu, kisha bonyeza kidogo kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja. Dawa mbili zipishane dakika 5. Simu yangu ililia mpaka majirani wakazoea.

Vita nyingine ilikuwa jikoni. Mama hakuelewa kwa nini mtu anayeona asiiname kupuliza moto wala asibebe ndoo. Ficha kuni, sina ushauri mwingine. Lakini jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu zaidi au uoni ukipungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usinunue matone dukani kwa kubahatisha: yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, yakitumika bila usimamizi yanaweza kupandisha hiyohiyo presha ya macho.

Glakoma hutembea kwenye ukoo, hivyo tuliambiwa watoto wote tukapimwe. Mimi na dada tulikwenda. Kaka yetu mkubwa bado anasema yeye anaona vizuri, na juzi mama alimjibu kwenye simu: "Hata mimi nilikuwa naona vizuri, baba."