Mimi nauliza: Mtoto amekojoa saa ngapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mtoto mdogo akitoka vidonda mdomoni, unakimbilia dawa ya duka au dawa ya nyumbani?", limenigusa pabaya. Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja tu: dawa ya nyumbani hapana, hata kama bibi ndiye anayeishika. Nimeandika mstari huo nikaufuta, kwa sababu ya usiku mmoja ambao sijawahi kuusimulia vizuri.

Mwaka juzi tulikuwa tumepanga Kihonda, Morogoro. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Homa ilimshika siku mbili, tukapima malaria, hakuna kitu. Siku ya tatu udenda ukaanza kumtoka mpaka kifua cha gauni kikalowa. Nikimpa ziwa ananyonya mara moja, anaachia kwa kilio, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuumiza. Nikamsogeza dirishani nikamfungua mdomo. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu kama nyama mbichi, zikiguswa zinatoa damu. Ulimini na ndani ya mdomo wa chini kulikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, katikati vyeupe kuelekea njano, pembeni vyekundu.

Nyumba ya kupanga haina siri. Jirani alipoziona zile fizi akasema hayo ni meno ya plastiki, na mtaa wa pili kuna mama anayatoa. Mnaoishi Tanzania mnayajua maneno hayo. Kinachotolewa pale si plastiki. Ni vichipukizi vya meno ya utotoni, hasa ya chonge, vinachokolewa kwa kitu chenye ncha bila ganzi, na kuna watoto waliopoteza damu au kupata maambukizi yaliyowaua. Nilimjibu jirani yule kwa ukali ambao mpaka leo sijautubu.

Mama mkwe, aliyekuwa ameteremka kutoka Mgeta kuja kutusalimia, yeye aliomba ndimu, chumvi na kitambaa safi. "Utando lazima utoke," alisema, "hata baba yake nilimsugua hivyo hivyo." Nikamkatalia pia. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya duka, jeli ya ganzi, nikampaka mtoto kwenye fizi na ulimi. Baada ya muda mfupi akaanza kupaliwa na mate yake mwenyewe. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni huku mikono ikinitetemeka. Baadaye kituoni nilielezwa kwamba ganzi ya aina ile hapakwi mtoto mdogo mdomoni: koo linakufa ganzi asiweze kumeza sawasawa, na akiimeza nyingi inaweza kumletea degedege au kuvuruga mapigo ya moyo.

Saa mbili usiku mama mkwe akaniuliza swali moja. "Mwanangu, huyu mtoto amekojoa saa ngapi?"

Sikujua. Nilifungua nepi ikawa kavu kabisa, na niliyoibadilisha kabla yake ilikuwa ya saa nane mchana. Mchana kutwa nilikuwa nagombana na watu juu ya vidonda, na mtoto alikuwa anakauka mikononi mwangu.

Ndimu ikasahaulika. Mama mkwe aliniambia nikamue maziwa kwenye kikombe, akakitumbukiza kikombe kwenye sufuria ya maji ya mtungini mpaka kikapoa. Kwanza tulimpa panado ya maji: alikuwa na kilo 9, kwa hiyo kijiko cha dawa cha mililita 5 chenye miligramu 120, tukasubiri nusu saa maumivu yapungue. Kisha mama mkwe akamkalisha mapajani, mgongo umeegemea kifua chake, akachukua kijiko cha chai. Hakumimina juu ya ulimi. Alikipitisha pembeni, ndani ya shavu, kule nyuma ambako hapakuwa na kidonda, akamwaga matone machache, akangoja. Mtoto akakunja uso, akameza. Dakika mbili, kijiko kingine. Alipolia, mama mkwe alishusha mkono, akamwimbia kidogo, akaanza upya. Mimi nilitaka tuongeze kasi. "Usimkimbize," aliniambia, "akiogopa kijiko tumekwisha." Kikombe kile kidogo kilituchukua karibu saa nzima. Kikaja cha pili, safari hii dafu lililopozwa. Saa saba usiku nepi ilikuwa nzito, na mimi nilikaa chini nikalia.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya. Muuguzi alimtazama vizuri kwa tochi, akasema si fangasi, ni virusi. Antibiotiki haiviui virusi, na vidonda vitachukua kama wiki mbili kwisha. Kisha akauliza nani nyumbani ana malengelenge mdomoni, maana huambukizwa kwa kubusiwa au kwa kijiko kimoja. Ni mimi. Wiki iliyotangulia nilitoka kilengelenge pembeni ya mdomo, na kumbusu mwanangu sikuacha hata siku moja.

Kwa hiyo ule mstari wangu wa kwanza siwezi kuurudisha ulivyokuwa. Chumvi na ndimu juu ya kidonda kibichi nazikataa. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka naikataa, maana inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli. Ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, GV (gentian violet), inatumika vituoni, lakini huzimuliwa hadi asilimia 0.25, chupa kali iliyokaa kabatini miaka inaweza kumchoma mtoto. Aspirini mtoto hapewi. Lakini mkinibana nichague kati ya duka langu na nyumba ya mama mkwe kwa usiku ule, nachagua nyumba. Cha duka kilichotusaidia ni panado peke yake.

Uchaguzi huo ni wa mtoto aliyekuwa bado anameza. Anayekataa hata tone, aliyelegea, mwenye macho yaliyozama, anayelia bila machozi, au asiyekojoa kwa saa sita hadi nane, huyo asingojee asubuhi wala kijiko; kwa kipimo hicho cha mkojo, hata sisi tulipaswa kwenda usiku ule ule. Wa chini ya miezi mitatu mwenye homa naye hali kadhalika. Na vidonda vikipita wiki mbili, au vikija pamoja na vipele vya surua, mpelekeni mkapimwe. Surua inaweza kuharibu macho pia, na mtoto huhitaji vitamini A.

Binti yangu alipona siku ya kumi na moja. Alianza na mtindi wa baridi, kisha uji uliopoa usio na ndimu, kisha akarudi kwenye ziwa kwa pupa mpaka akaning'ata. Mama mkwe yupo hapa sebuleni ninapoandika. Nimemsomea yote. Kuhusu kijiko amekubali nimesimulia sawasawa. Kuhusu chumvi bado tunabishana.