Ujumbe uliokaa siku nne ndani ya simu yangu

Jumapili nilikuwa nasubiri feri upande wa Likoni hapa Mombasa, jua limekaza, wanja umeshanichuruzika mpaka shavuni. Kwa kukosa la kufanya nikafungua lile folda la Facebook ambalo wengi wetu hatulifungui, la maombi ya ujumbe. Katikati ya wanaume watatu waliotaka picha alikuwamo binti mmoja: "Da, samahani nakusumbua. Kondomu imepasuka jana usiku. Nifanyeje?"

Aliandika Jumatano asubuhi.

Hesabu niliifanya papo hapo kwenye foleni. PEP, zile dawa za dharura za kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa unayowahi ni faida, kisha unazimeza siku 28 mfululizo. Jumanne usiku mpaka Ijumaa usiku, basi. Tangu Jumatano asubuhi mpaka saa hizo 72 zinakwisha nilikuwa naye mkobani, ndani ya simu, nami nabandika picha za dera langu jipya. Mie, niliyeandika hapa mara ngapi sijui, "ukipata shida niandikie, mie dada yenu."

Nikampigia. Hakuwa ameenda popote, alikuwa akinisubiri. Jumatatu nilimsindikiza akapimwa VVU, kaswende na kisonono, akaambiwa awe akirudi kupimwa mpaka itimie miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya hayaonekani kwenye kipimo siku ile ile. Majibu yake ni yake.

Najua mnaonisoma mnataka nini. Mnaniandikia kila wiki: nanyi mnatamani wasichana trans kama mie, tulioandikwa wavulana tulipozaliwa, kuanzia Mtwapa hadi Ukunda wawaite Da, simu zilie, mtu aseme "bila wewe ningepotea." Ni raha, sikatai. Ila kabla simu haijanipa jina, ilinivua nguo hadharani. Hilo sijawahi kulisimulia lote.

Serikali ilizindua PrEP, kidonge cha kujikinga na VVU kabla hujavipata, mwaka 2017, nami nikaanza kumeza mwaka uliofuata. Mradi mmoja, siutaji, ukatuandikisha kwenye mpango wa kukumbushwa kwa esemesi. Kwenye fomu nikaandika jina la kitambulisho kwa kuwa ndilo waliloliomba. Nilikuwa nasuka kwenye saluni moja Bombolulu, nimepata wateja wangu, hakuna aliyekuwa akiniuliza maswali. Simu iko kwenye chaji mezani, pembeni ya mafuta ya nywele. Ikalia. Msichana wa kuosha vichwa akaichukua ili aniletee, na macho hayana pazia. Akasoma kwa sauti: jina langu la kiume, kisha "kumbuka kumeza dawa yako ya VVU leo saa 9 usiku."

Saa tisa usiku! Mtu alichukua saa tatu ya kwetu, akaisoma kwa Kizungu, akairudisha kwa Kiswahili bila kuitazama. Ningeifuata ile esemesi ningekuwa naamka na mwadhini hajaamka. Leo nacheka. Siku ile sikucheka, maana hakuna aliyeisikia saa. Walisikia jina, wakasikia VVU. Nikaeleza kwamba PrEP humezwa na asiye na virusi ili asivipate, nikawa kama naongea na ukuta. Jioni mwenye saluni akaniita kando: "Mwanangu, mie sina neno nawe, ila wateja." Hakumaliza sentensi, wala hakukuwa na haja. Mpaka leo nikipita pale kwenye tuktuk hujitia nasoma simu.

Miezi iliyofuata naivuka. Sikumeza kitu, sikupima, sikutaka kuona nambari ya mtu.

Aliyenirudisha ni nesi mmoja mtu mzima. Alinihadithia utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa hapa hapa Kenya, Nairobi na Kajiado, kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali. Si wanawake trans, lakini sikiliza. Nusu yao walitumiwa esemesi moja kila wiki, nayo ilisema "Mambo?" tu. Haikutaja dawa, virusi wala kliniki. Mtu alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Mwenye shida alipigiwa, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Waliosema wamemeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62, wenzao wasiotumiwa kitu asilimia 50. Nilimwambia, "Nesi, hawa wametuibia salamu yetu wakaifanya dawa." Akasema, "Nanyi iibeni tena."

Nikaiiba. Kila Alhamisi nawaandikia wasichana kumi na mmoja: Mambo? Ukiiona ile kwenye kioo cha simu ya mtu utasema nini? Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, esemesi za miradi zilikatika kama umeme, na wengi wetu hatukujua mlango upi uko wazi. Mambo yangu haikukatika, kwa kuwa hailipiwi na mtu ila bando langu. Najisifu, ndiyo. Nimestahili.

Sasa sikieni, kwa sababu naona mnakimbilia programu na makundi ya WhatsApp ya watu mia mbili. Jambo la kwanza ni kuzima maneno ya ujumbe yasionekane kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Alamu ya dawa ipe jina la nyumbani. Yangu inalia saa tatu usiku (ya kwetu!) na imeandikwa "Lisha paka." Sina paka. Nambari ya nesi usiiandike "Kliniki," iandike "Mama Mboga," na ukishaongea naye, futa mazungumzo. Na nimeshasema kuhusu kioo? Zima kioo. Simu zetu zinapitia mikono mingi, ya kaka, ya fundi, ya askari. Sheria inatuhesabu kwa jinsia iliyo kwenye kitambulisho, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kulalana "kinyume cha maumbile," bado kina kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Picha uliyotumiwa usiku ikatazamwe na nani asubuhi, fikiria.

Mradi ukikuomba jina, uliza linaandikwa wapi. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa nyeti, na unayo haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe. Mie sikuijua hata siku moja, na siku ile ya saluni sheria hiyo haikuwapo.

Halafu jamani, sauti zinazozunguka kwenye makundi! Kuna moja imenijia mara tano, ya mwanamume anaeleza kumeza PrEP kwa mpango wa mbili, moja, moja, yaani vidonge viwili kabla ya tendo kisha kimoja kimoja siku mbili zinazofuata. Kwake ni sawa. Wewe unayetumia homoni za kike za estrojeni mpango huo si wako, Shirika la Afya Duniani limetutoa humo waziwazi. Wewe ni kidonge kimoja kila siku. Homoni zako hazitaharibika, msiogopeshane. Mwenzetu anayesambaza kitu asichokijua hana tofauti na yule wa kuosha vichwa aliyesoma simu yangu, nami nawaambia bila haya kwa sababu nami nimechelewesha mtu mpaka saa 72 zikapita.

Lile folda sasa nalifungua kila asubuhi kabla ya mahamri. Wanaume wa picha wamo bado.

Binti wa Likoni nimemtia kwenye Alhamisi, amekuwa wa kumi na mbili. Juzi nikamwandikia Mambo? Akajibu, "Shida." Sufuria nikaiacha jikoni, nikapiga.

"Shida gani, mwanangu?"

"Da, alamu nimeiita Lisha paka kama yako. Sasa mamangu anataka aonyeshwe huyo paka."