Bango lako la filamu ya kauboi, anza na rula
Dada, hilo bango refu jembamba ulilonunua Melbourne, lenye mikunjo na halina mwaka, ukitaka kujua lilichapwa lini usikimbilie mwaka wa filamu, maana filamu zilikuwa zinarudishwa kumbini na mabango yanachapwa upya. Chukua rula. Wenyewe Australia mabango haya wanayaita deibili (daybill), kabla ya vita vya pili vya dunia yalikuwa marefu kama inchi 15 kwa 40, vita ikaleta uhaba wa karatasi yakabanwa mpaka 10 kwa 30 hivi, baadae ndo ikaja 13 kwa 30 ikadumu miaka na miaka. Halafu tafuta alama ya wakaguzi wa filamu, ile inayosema nani anaruhusiwa kuitazama, hapo ndo penyewe hasa: maneno kama "For General Exhibition" (ni ya watu wote) ni kabla ya mwisho wa 1971, herufi NRC (Not Recommended for Children, yaani haishauriwi kwa watoto) ni kati ya 1971 na 1984, ukikuta PG (Parental Guidance, yaani mtoto aongozwe na mzazi) basi ni 1984 kuja huku. Mimi langu la filamu ya miaka ya 50 nilikuja kuona NRC ndogooo kule chini pembeni, kumbe ni la marudio, na pesa nishatoa, iliniuma sana aisee. Na tafadhali dada, pale kwenye mikunjo usibandike selotepu, inaacha doa la njano halitoki.