Mnaoanza bondi na strakcha kwenye kemia, jiulizeni kwanza ni nini kinaachana

Hii ni ya nyinyi mlio sekondari sai na hamjagonga ile topiki ya strakcha na bondi (vile atomu zinashikana na kupangika), na pia nyinyi wa mwaka wa kwanza Maseno ama Egerton mnaopatana nayo tena mkidhani mlishaimaliza. Mimi hufundisha tyusheni ya kemia hapa Kisumu na nikisahihisha madaftari naona watu wengi wanaangukia mahali pamoja. Kuchora si shida, nukta na misalaba ya kuonyesha elektroni watoto wanapanga vizuri, wanajaza nane nane mpaka inapendeza. Shida huanza swali likisema "eleza kwa nini".

Mfano, eleza kwa nini maji yanachemka kwa joto la chini sana kuliko chumvi. Jibu linalokuja karibu kila daftari: kwa sababu bondi za kovalenti (zile za atomu kushirikiana elektroni) ni hafifu. Hapana jameni! Hebu angalia sufuria ya chai ikitokota kwa jiko la makaa. Kama kuchemka ni haidrojeni kuachana na oksijeni, basi kile kinachotoka hapo juu kingekuwa haidrojeni na oksijeni zimechanganyika karibu na makaa yanayowaka, na huo mchanganyiko hulipuka, hakuna jikoni ingebaki na mabati. Lakini ule mvuke ni H2O bado, funika na kifuniko baridi uone matone ya maji yaleyale yakirudi. Kilichoachana ni molekuli (kikundi cha atomu zilizoshikana) na molekuli jirani, ni kama matatu zikitoka steji moja moja, zinaachana zenyewe lakini abiria wote bado wamekaa ndani. Bondi ya O na H ndani ya molekuli inataka kama kilojuli 460 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe) kuivunja, ile bondi ya haidrojeni inayoshika molekuli moja na nyingine ni kama 20 tu. Hizo namba mbili zikikaa kwa kichwa hautachanganya tena.

Na ndio maana maji Nakuru, kule juu mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, yanachemka kama nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Hewa inayokandamiza maji huko ni kidogo kwa hivyo molekuli zinatoroka mapema. Bondi ya ndani haijaguswa hata kidogo.

Sasa chumvi. Hapo hakuna molekuli, na ukiandika "molekuli ya sodiamu kloraidi" umepoteza maksi ya bure kabisa. Ni ayoni, yaani chembe zenye chaji chanya au hasi, kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na za kloraidi sita na kila ya kloraidi imezungukwa na za sodiamu sita, inaendelea hivyo pande zote mpaka mwisho wa punje. Kuyeyusha hiyo ni kulegeza mvutano wa chanya na hasi kila upande kwa hivyo inaenda mpaka nyuzi 801. Magnesiamu oksaidi ayoni zake zina chaji mbili mbili badala ya moja moja, inapita 2,800. Kama uko na kijiko kikuukuu jaribu nyumbani, weka sukari kidogo juu ya moto, inalainika haraka inakuwa kama asali, alafu oshea hicho kijiko na uweke chumvi, utakaa hapo uchoke na chumvi iko vile iko. (Sukari ikianza kuwa kahawia na kunuka, hapo sasa bondi za ndani zenyewe zimeanza kuvunjika, hiyo si kuyeyuka tu. Watahini wanaipenda sana hiyo tofauti.)

Almasi, grafaiti na mchanga ziweke kando yao, manake hizo ni kovalenti lakini hazina molekuli ndogo ndogo, ni mtandao mmoja mkubwa, kwa hivyo kuziyeyusha ni kuvunja bondi zenyewe. Ndio maana kaboni dayoksaidi ni gesi na silikoni dayoksaidi ni mchanga wa kujengea, na fomula zao zinafanana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwa chungu cha mrenda. Ule munyu unaochujwa kutoka kwa majivu una potasiamu kaboneti kwa wingi, na magadi ni ndugu yake wa sodiamu. Hapo bondi ni mbili kwa kitu kimoja: potasiamu na kaboneti zinashikana kwa ayoniki (ule mvutano wa chanya na hasi), lakini ndani ya kaboneti yenyewe kaboni na oksijeni tatu zinashikana kwa kovalenti. Ukiutia munyu kwa maji, potasiamu zinaenda zao, kaboneti inabaki nzima, haigawanyiki ikawa kaboni huku na oksijeni kule. Mtu akielewa hiyo vizuri, salfeti, naitreti na amoniamu zote zinafunguka kwa mpigo mmoja, na hata zile ikwesheni za ayoni za kidato cha tatu hazitamtesa.

Kanuni ya "metali na isiyo metali ni ayoniki" itumieni lakini msiiamini sana. Alumini kloraidi inageuka gesi moja kwa moja karibu nyuzi 180, chumvi gani ya ayoni hufanya hivyo? Alumini ni ndogo na ina chaji tatu, inavuta elektroni za klorini mpaka zinakuwa za kushirikiana. Hiyo imekuja sana kwa mitihani ya zamani.

Kwa umeme pia taja ni nini kinasonga. Kwa waya wa kopa ni elektroni, kwa chumvi iliyoyeyuka au iliyo ndani ya maji ni ayoni, kwa grafaiti ni elektroni moja ya kila kaboni ambayo haikutumika kwa bondi tatu. Chumvi kavu haipitishi, na sababu si eti haina chaji, chaji iko, ni vile ayoni zimefungwa hapo haziwezi kusonga. Andika hivyo hivyo, taja ayoni na useme haziwezi kusonga, ukiandika tu "haina elektroni huru" unapata nusu.