Chipu za Zamani: Fundi Anajibu (na Dhahabu Tumalizane Nayo Leo)

Haya, maswali yenu ya chipu za mashine za zamani yamejaa tena. Mengi ni ya dhahabu na zebaki nyekundu (ile kemikali ya kubuniwa inayosemwa ni ya bei kubwa), kwa hivyo naanza na hayo yaishe alafu tuongee mambo ya maana.

Swali kutoka Maweni, Malindi: Fundi salama? Nimepata chipu nyeupe ya kauri ina kifuniko cha dhahabu, imetoka kwa mashine ya mzungu aliyehama. Ina gramu ngapi na nauza wapi?

Salama. Gramu hakuna, hiyo ni dhahabu ya kupakwa tu, utando mwembamba, na asidi ya kuitoa itakugharimu kuliko utakachopata. Ila hukuniambia imeandikwa nini, na pesa iko hapo. Intel 4004 ya 1971, mikroprosesa ya kwanza ya Intel (chipu ya kufanya hesabu za kompyuta), ya kauri nyeupe na kifuniko cha dhahabu, kuna watu wanaitafuta kwa mamia ya dola, mradi iwe nzima, pini zote zipo na maandishi yanasomeka, ikishakwanguliwa hakuna anayeitaka. Yaani mtu anaharibu kitu cha mamia ya dola atoe dhahabu ya shilingi, alafu barazani anajiita mjanja. Piga picha juu na chini, andika ilitoka kwenye mashine gani, ifunge na foili, uniandikie tena na namba.

Swali kutoka Kilifi: Na zebaki nyekundu kwenye TV za zamani?

Haipo. Haijawahi kuwepo. Anayekwambia ataununua mkebe wake anataka kukuibia.

Swali kutoka Mpeketoni: Chipu yangu imeandikwa 8412, nimetafuta kwa intaneti hakuna kitu. Ni chipu gani?

Hii nshaijibu mpaka nimechoka. 8412 ni tarehe, mwaka 84 wiki ya 12. Namba ya chipu iko mstari mwingine, usiisugue, imulike na tochi kwa ubavu utaiona. Na kabla hamjaniletea ubishi, ndio, kuna 7404 ambayo ni chipu kweli, ile ya inverta sita, yaani saketi za kugeuza ndio kuwa hapana, na kuna 7404 ambayo ni wiki ya 4 ya 1974, na unaweza kukuta zote mbili juu ya chipu moja. Ndo maana nasema kila siku tuma picha, usitume namba.

Swali kutoka Langoni, Lamu: Kwani kuna haja gani ya kupekua chipu ya miaka 50, kuifungua na kusoma saketi yake, na datashiti zake (karatasi za maelezo za kampuni) ziko? Si kupoteza wakati?

Umeliuliza kwa kejeli lakini limenipendeza. Datashiti inakwambia chipu inafanya nini, haikwambii inafanyaje, na mara nyingine inanyamazia mambo. Chukua Z80, prosesa ya kampuni ya Zilog, ilitoka 1976 na kampuni imekuja kufunga oda zake 2024, yaani jana tu. Kila mtu alijua ni prosesa ya biti 8, yaani inashika tarakimu 8 za 0 na 1 kwa mara moja. Watu walipoikalia na picha za hadubini wakafuata njia moja moja, wakakuta ile sehemu ya kujumlisha na kutoa ni ya biti 4, inapiga nusu ya hesabu, alafu inarudi kupiga nusu iliyobaki, na mtumiaji huku nje hana habari.

Tena mle ndani mlitegwa. Walioibuni, Federico Faggin na Masatoshi Shima, walijua kuna watakaoinakili, basi Shima akaweka transista 6, swichi ndogo za umeme, ambazo ukiziangalia ni za kawaida na kumbe zimewashwa muda wote, kwa hivyo anayenakili picha bila kuelewa saketi anatoka na chipu isiyofanya kazi. Shima alisimulia baadaye kwamba watu wa NEC, kampuni ya Japani iliyoinakili, walimwambia mitego hiyo iliwachelewesha miezi 6. Sasa hiyo utaisoma datashiti gani?

Na Pentium, prosesa ya Intel, je? 1994 ikaonekana inakosea kugawanya, Intel ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo, na maelezo yakawa kwamba kwenye jedwali moja ndani ya chipu kuna nafasi 5 zilizoachwa tupu. Miaka 30 baadaye Ken Shirriff wa Marekani akaiweka chini ya hadubini akahesabu, zikawa 16. Hizo 11 nyingine kwa bahati hesabu haizifikii. Kampuni yenyewe ilitoa maelezo yake, ulimwengu ukayakubali, na silikoni, kile kipande chenyewe cha ndani ya chipu, ilikuwa na hesabu yake. Mimi naamini silikoni.

Swali kutoka Mambrui: Mwalimu, mwanangu yuko fomu tatu, ameona kwenye simu ati chipu inafunguliwa na asidi, ananisumbua nimnunulie. Nimruhusu?

Hapana mama, usimnunulie, na mwambie nimekataa mimi ili asikununie wewe. Ile plastiki nyeusi inayeyushwa na asidi kali ya naitriki iliyopashwa moto, inatoa moshi wa kahawia unaochoma mapafu, na jikoni kwenu hakuna mashine ya kuvuta moshi. Alafu iko nyingine ya kubandua tabaka za ndani, haidrofloriki, hiyo ndo mbaya zaidi, inaingia kwenye ngozi na pengine isiume hapo hapo, inakamata kalisi ya mwili na moyo unaweza kusimama. Wanaoishika ni watu wa maabara, dawa yake wameiweka karibu kabla hawajafungua chupa. Hizo video za watu kufanya uani na glavu za kuoshea vyombo zinaniudhi, na mnaozisambaza mnaniudhi zaidi.

Sasa kijana usinune. Tafuta EPROM mbovu, ile chipu ya kuhifadhi programu yenye kidirisha juu, silikoni utaiona bila tone la asidi. Au chipu ya kauri iliyokufa yenye kifuniko cha chuma, kinabanduka kwa patasi ndogo, vaa miwani. Hadubini ya shule haitakufaa maanake taa yake inatoka chini na silikoni haipitishi mwanga tunaouona, unataka ile ya kuangalia metali ambayo mwanga unashuka kupitia lenzi yenyewe. Ukiikosa usilie, picha za chipu zilizofunguliwa ziko tele kwa intaneti na mimi nasema huko ndo kwa kuanzia. Kufungua ni kazi ya muda mfupi, kusoma ni kazi ya miezi, na nyote mnakimbilia kufungua.

Anza na prosesa ya 6502. Ilitoka 1975 ikauzwa dola 25 wakati wenzake walianza kwa mamia, ina transista kama 3,500 tu, na 2010 kundi la Visual 6502 lilimaliza kuichora yote kwa picha mpaka unaweza kuiangalia ikifanya kazi kwenye brauza, waya zikiwaka na kuzima. Kuna tabaka tatu za kujua: chini njia za silikoni iliyotiwa kemikali, juu yake polisilikoni, juu kabisa metali. Ukiitazama ni kama ukili uliosukwa, na kila mahali polisilikoni inapokatiza juu ya njia ya silikoni, hapo pana transista. Hiyo kanuni moja ikikukaa kichwani umeshapiga hatua kubwa. Tafuta inverta kwanza, ukiijua kwa sura utafute NOR (inatoa ndio ikiwa zote zinazoingia ni hapana), alafu rejista (vihifadhi vidogo vya namba), hizo utazitambua maanake zinajirudia mstari kwa mstari. Chora kwa penseli. Hisabati yake ni ile ya ndio na hapana, fomu tatu anaiweza.

Swali kutoka Mkomani, Lamu: Nina bodi ya mashine ya zamani ina chipu mbili za kidirisha, stika zimebanduka, nimeiweka barazani ipate jua ikauke. Programu bado imo?

Itoe juani saa hii, utamalizia kusoma baadaye.

Ushaitoa? Haya. Hizo ni EPROM. Kile kidirisha ni cha kwatsi na kazi yake ni kupitisha mwanga wa urujuanimno ili chipu ifutike, kwa taa yake maalumu ni kama dakika 15 mpaka 20. Datashiti zinasema jua la moja kwa moja linaifuta kwa takriban wiki moja, na taa za tyubu za dukani kwa miaka kama 3. Kwa hivyo kama ni juzi tu pengine imo, bandika stika nzito isiyopitisha mwanga na uidampu haraka, yaani unakili programu yake kwenye kompyuta. Kama ni 27C256, ina pini 15 za anwani na 8 za data, bodi ndogo ya Arduino Mega inazitosha zote, huhitaji mashine ya bei. Soma mara kadhaa ulinganishe, ikitofautiana hata baiti moja usiamini, safisha miguu urudie. Ila kama ni 2708 inataka volti za aina tatu, na jihadhari na TMS2716 ya Texas Instruments, jina linafanana na 2716 ya Intel lakini ile ya Intel inaenda na volti 5 peke yake na hii ya TI inataka tatu. Ukizichanganya utaichoma.

Na huko kwenu chumvi ya bahari inakula miguu ya chipu mpaka inakatika ukiigusa. Mkebe unaofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, msivitupe. Barazani si mahali pa bodi.

Swali kutoka Ngomeni: Babu alikuwa kibarua San Marco, lile jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi, anasema setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa na ilikuwa na kompyuta ya Intel ndani. Wenzangu wananicheka.

La kwanza babu yuko sawa kabisa. Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapo kwenu tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7, na roketi ya Scout ya Wamarekani, na ndo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama mbingu kwa eksirei tu. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Hao wanaokucheka waulize wao kwao kumerushwa nini.

La pili hapana. Intel 4004 ilitangazwa Novemba 1971, karibu mwaka mzima setilaiti ishakwenda, kwa hivyo mikroprosesa ya Intel haikuwepo ya kuwekwa. Lakini usimsahihishe mzee mbele za watu. Mwambie taratibu kwamba aliyeongoza kuitengeneza hiyo 4004 alikuwa Muitaliano, Faggin huyo huyo wa Z80, mzaliwa wa Vicenza, alianzia kampuni ya Olivetti kabla ya kwenda Marekani, na herufi zake F.F. alizichora kwenye silikoni yenyewe, transista kama 2,300 na jina lake pembeni. Sisi Malindi tumekaa na Waitaliano miaka yote tunajua Kiitaliano cha kuuza samaki na kupangisha nyumba, mambo kama hayo hatuwaulizi.

Washa simu umrekodi babu, nani alifanya nini, mitambo ilikaa upande gani, karatasi zilienda wapi. Kizazi hicho kinapungua. Na usiniulize kama unaweza kupanda kule kwenye jukwaa kutoa waya, ile si skrapu.

Swali kutoka Shela, Lamu: Ule mchezo wa TV wa kaseti tuliocheza utotoni nimeuweka kwenye simu kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), lakini sauti siyo ile. Ni masikio yangu?

Masikio yako mazima. Ulichocheza utotoni karibu hakika hakikuwa Nintendo, kilikuwa nakala, na nakala nyingi zilitumia chipu zilizoiga ile ya Nintendo, kama UA6527 ya UMC ya Taiwan. Kwenye chipu nyingi za namna hiyo mpangilio wa mawimbi mawili ya sauti umebadilishana, wimbi la asilimia 25 (linalokaa juu robo tu ya muda) liko mahali pa asilimia 50, basi nyimbo ni zile zile ila sauti inakuwa nyingine. Wewe umelelewa na kosa, ukisikia sahihi unaona imeharibika. Emuleta kadhaa zina sehemu ya kugeuza hiyo, tafuta kwenye mipangilio ya sauti.

Nintendo wenyewe wasijifanye watakatifu sana. Chipu yao, iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, ni 6502 ndani, ila hesabu za desimali hazifanyi kazi, na ilipopekuliwa ikaonekana saketi ya desimali imo, wameikata viungo tu. Lile tone jeusi kwenye bodi ya nakala yako ndo chipu, silikoni imegundishwa moja kwa moja kwenye bodi ikamwagiwa gundi. Usilikwangue, nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele.

Swali kutoka Watamu: Na chipu ya simu yangu naweza kuisoma hivyo hivyo?

Huwezi. Mawimbi ya mwanga ni nanomita 400 mpaka 700, vitu vya ndani ya chipu ya leo ni vidogo kuliko hapo mara nyingi, hadubini ya mwanga inaona ukungu.

Swali kutoka Mombasa: Fundi, haya si wizi?

Kusoma si wizi. Sheria ya Marekani ya 1984 inayolinda michoro ya chipu imeruhusu waziwazi kuifungua kwa kujifunza na kuchambua. Kampuni ya michezo ya Atari Games walitaka kuipita chipu ya kufuli ya Nintendo, ile inayozuia kaseti zisizoruhusiwa, wakaifungua, hawakufika mwisho, basi wakaenda ofisi ya hakimiliki wakadanganya wanaitaka programu yake kwa ajili ya kesi, wakapewa. Mahakama ya rufaa 1992 ikawakamata kwa huo uongo, na hukumu hiyo hiyo ikasema kupekua chipu kwa kuielewa kunaweza kuwa halali. Ukitaka kuuza nakala, hapo nenda kwa wakili, mimi ni fundi.

Swali kutoka Barani, Malindi: Bodi ya kompyuta ya zamani ya 386 ina kitu cha kijani karibu na betri. Niiwashe nione?

Usiiwashe. Hiyo betri ya mtungi imevuja, ikate leo, maji yake ni ya alikali, yapake siki kwa mswaki, suuza, alafu spiriti, ikauke kabisa, ndo upime njia za shaba kwa multimita moja moja maanake zingine utakuta zimeshaliwa chini ya rangi. Zilizokatika unaziunga na waya mwembamba na lehemu. Na betri usiitupe baharini, najua mnafanya hivyo.