Umeniuliza mjukuu wangu aje Moshi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mchana, nikairudia usiku mama yako akiwa ashalala, maana sikutaka aone sura yangu. Kwamba kijana anatoka kucheza basketi, gari la polisi linamfuata pole pole mpaka kona ya kwenu huko Ohio, Marekani, wanashusha kioo, wanamuuliza anakaa wapi na kwenye begi kuna nini, na wewe uko dirishani unaona yote. Miaka 13. Wakamwacha, sawa, tumshukuru Mungu. Sasa unaniuliza, baba, tumlete Moshi amalizie sekondari huko, si huko polisi ni weusi kama yeye?

Ngoja kwanza. Hiyo "weusi kama yeye" ndo imeninyima usingizi.

Habari ya baiskeli ya babu yako unaijua nusu, ile nusu shangazi zako wanayosimulia kila Krismasi wakicheka, namna nilivyolala kituoni nimekumbatia viatu. Ile nusu nyingine hawaijui kwa sababu hawakuwepo.

Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, marehemu Sokoine ndo Waziri Mkuu, watu wanatupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo, na sisi watu wa Kilema mpaka wa Kenya uko hapo chini tu, kwa hiyo kitu chochote kipya ni magendo mpaka utoe risiti. Babu yako alikuwa amenunua Phoenix kwa hela ya kahawa, ina dainamo na taa ya mbele, na kengele ambayo ikilia kijiji kizima kinajua mwalimu anapita. Akanituma Himo nikalete chumvi. Nyuma kwenye keria nimempakia rafiki yangu, mtoto wa daktari mzungu wa mission, tuko rika moja, miaka 15, Kichaga anajua matusi tu lakini Kiswahili alikuwa ananishinda.

Tumefika Himo afande mmoja kijana akanyoosha mkono. Akamuuliza kwanza mwenzangu kwa Kiingereza cha kuokoteza kama yuko salama. Alafu akanigeukia mimi, tena anacheka kabisa, huyu mzungu anakulipa shilingi ngapi umwendeshee baiskeli yake? Hapo bado hakukuwa na kesi. Mimi kwa utoto nikasema baiskeli ni ya baba. Uso ukabadilika pale pale. Shuka. Umeiba wapi? Yaani ilivyokuwa ya mzungu haikuwa na shida yoyote, ilivyogeuka ya kwetu ikawa ya wizi. Mwenzangu akawa anamwambia ni kweli afande, ni ya baba yake, mwalimu, namjua, na yule afande anamjibu kwa upole kabisa, wewe nenda nyumbani mtoto mzuri. Hakumuuliza hata jina. Mimi nikavuliwa mkanda na viatu, nikakalishwa sakafuni nyuma ya kaunta. Kofi nilipigwa moja, si la kuhadithia, shuleni tulikuwa tunakula makubwa zaidi.

Mzungu wa watu akapanda mlima kwa miguu mpaka Kilema kumwambia babu yako. Babu akaja asubuhi na koti lake la kanisani, risiti ameikunja ndani ya kitabu cha sala. Yule afande ni kijana wa umri wa wale aliokuwa anawafundisha, angeweza kumtuma maji. Babu yako akavua kofia. Akamwita mzee. Akaweka risiti kwenye kaunta kwa mikono miwili, jamaa akaiangalia, akairudisha kwa kidole, akasema mchukue. Babu akasema asante mzee.

Tulivyotoka nje dainamo haipo. Nyaya zinaning'inia. Nikasema baba, dainamo. Akaziangalia zile nyaya, akaniangalia, akasema twende. Hakuipanda ile baiskeli, aliikokota mpaka nyumbani mlima wote ule, na mimi nyuma yake. Mpaka leo nina miaka hii kinachoniuma sio kofi wala dainamo, ni ile asante mzee.

Na afande alikuwa mweusi mwanangu. Mweusi kuliko mimi.

Ndo maana nasema siku zote, na mama yako ashachoka kunisikia: polisi hamwangalii mtoto, anaangalia ni nani atakuja kumfuata. Mwenzangu nyuma yake kulikuwa na daktari, mission, ubalozi, ndege. Mimi nyuma yangu kulikuwa na mwalimu na risiti. Na mle ndani kulikuwa na vijana wawili wa uzururaji ambao hawakuwa na mtu kabisa, wakubwa kidogo kwangu, sijui waliishia wapi, mwaka ule ule ndo ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi ya kuwaondoa mjini wasio na kazi.

Huo uzururaji wenyewe unajua umetoka wapi? Wakoloni. Waingereza walikuwa na sheria yao ya 1824 ya kukamata watu wasio na kazi wala makazi, wakaisambaza kila walikotawala, na kule kwao London polisi waliendelea kuitumia ile ile kuwasimamisha vijana weusi kwa kuwashuku tu, mpaka 1981, mwaka ambao mtaa wao wa Brixton uliwaka moto kwa ghasia za vijana na polisi, ndo kile kipengele kikafutwa. Sisi tulipata uhuru wetu tukabaki nayo kabatini. Ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapo Arusha, tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na ule mkataba wa haki za watoto pia. Mawakili ndo waliopeleka swali. Nilifurahi siku nilipoisoma, nikamsomea mama yako kwa sauti, akaniuliza kwa hiyo babu anarudishiwa dainamo?

Sasa hapo ndo nabishana na mimi mwenyewe. Maana huo msemo wangu wa nani atakuja, kwa huko kwenu unakwama. Yule mtoto Tamir Rice wa Cleveland, jimbo hilo hilo lenu la Ohio, Novemba 2014, miaka 12, anacheza bustanini na bastola ya kuchezea. Aliyepiga simu alisema pengine ni ya bandia, alisema pengine ni mtoto, hayo hayakufikishwa kwa wale polisi. Gari lilifika na ndani ya sekunde mbili ashapigwa risasi. Alafu kwenye redio wakasema ni mwanaume mweusi, labda miaka 20. Ishirini! Na mtu alikuja kumfuata, mwanangu, alikuja mbio, dada yake wa miaka 14, wakambwaga chini wakamfunga pingu wakamuingiza kwenye gari wakati mdogo wake yuko pale chini. Polisi hawakushtakiwa. Jiji lililipa familia dola milioni 6. Kwa hiyo huko nani atakuja haisaidii, sekunde mbili haziwezi kusubiri mtu na risiti.

Na lile la umri ndo linaniogopesha kuliko yote. Kuna utafiti wa 2014 wa huko huko, watu wakioneshwa picha za vijana weusi wanaodaiwa makosa wanawakadiria miaka minne na zaidi ya umri wao wa kweli, na polisi nao walipimwa, wamo. Kijana wetu ana 13 na ameshampita mama yake urefu, kavuta kwa wajomba zake wa Machame. Jumlisha mwenyewe.

Basi utasema baba amejibu, mtoto aje. Subiri.

Akija hapa hawatamgusa. Kwa hilo wala sina wasiwasi. Akifungua tu mdomo na hicho Kiswahili chake cha Marekani, na hivyo viatu, trafiki mwenyewe atamwita bro. Lakini mtoto wa binamu yako, yule mwenye rasta anayeendesha bodaboda, mwaka huu tu tumeshapigiwa simu usiku twende kumtoa, kosa lake alikuwa amekaa kijiweni. Tukaenda, tukaongea na mtu, unajua kuongea na mtu maana yake nini. Hao wawili wakipakiana kwenye pikipiki moja wakasimamishwa Himo, ni nani ataambiwa nenda nyumbani mtoto mzuri? Mjukuu wangu atakuwa yule wa kwenye keria, mwanangu. Ngozi ile ile lakini yeye ndo wa keria. Salama atakuwa salama, na mwingine wa kwetu atakaa nyuma ya kaunta bila viatu.

Hapa nikifika najiambia mwenyewe, mzee acha falsafa, mtoto akiwa hai hayo mengine anaweza kujifunza. Mama yake Tamir angepewa nafasi ya keria angekataa? Alafu tena najiuliza, unamuondoa mtoto kwao, kwa marafiki zake, kwa baba yake, kwa sababu mtu mwingine haoni vizuri? Yaani mwenye macho mabovu anabaki, mtoto ndo anahama? Hilo nalo linanichoma.

Sisemi aje, sisemi abaki. Nikisema utamwambia mumeo baba kaamua, na mkwe wangu ananiheshimu mno hatabisha, kisha mtanuniana mwaka mzima. Chumba chako kipo, kitanda kipo, godoro ni jipya, na ada ya shule nishaulizia kidogo tu kwa kujua, wala hiyo isikusukume.

Ila meseji ndefu yote ile hujaniambia yeye mwenyewe aliwajibu nini wale polisi. Wala kama anataka kuja. Jumapili asubuhi yenu nipigie akiwa nyumbani, mpe simu, alafu utoke hicho chumba utuache. Na mama yako akiuliza, mwambie tunaongea mambo ya basketi.

Baba yako