Risasi za 9mm kwa mazoezi ya shabaha: gharama tunazipunguzaje huku Nyanda za Juu Kusini

Mkuu uliyeko Makambako, swali lako nimelisoma. Una bastola ya 9mm yenye leseni, uliichukua kwa ajili ya biashara ya mbao, sasa umenogewa na kulenga shabaha na kila ukitoka renji, yaani uwanja wa shabaha, mfuko unalia. Umeuliza risasi za bei nafuu zinapatikana wapi, na kama ni kweli Tunduma zipo za chee. Mchangiaji mmoja hapo juu naye kakwambia uokote maganda yako ujaze mwenyewe. Nitajibu kwa kirefu kidogo, maana silaha nimemiliki tangu enzi zile tunakwenda Mafinga kununua mbao na fedha taslimu kiunoni, kabla pesa haijahamia kwenye simu. Siku hizi bastola yangu kazi yake kubwa ni kutoboa karatasi.

Tuanze na Tunduma, tulimalize. Mtu atakayekuuzia risasi pale stendi au nyuma ya duka la spea hana leseni ya kuuza, na wewe ukishazipokea huna karatasi inayosema zimetoka wapi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haitenganishi bunduki na risasi: kukutwa na risasi bila kibali ni kosa linalojitegemea, na hushtakiwa kama uhujumu uchumi. Leseni ya bastola yako haikukingi. Sisi wa huku tunazungukwa na hifadhi, Ruaha upande huu, Katavi upande ule, na askari wa doria akikuta risasi zisizo na maelezo hawazi shabaha, anawaza tembo. Kuvuka Nakonde, upande wa Zambia, ukarudi nazo mfukoni ni kubaya zaidi, maana hapo umeongeza kuingiza nchini bila kibali. Halafu tuseme hukukamatwa. Hujui zile risasi zimekaa wapi, kama zimelowa, au kama kuna mtu alizifungua. Hilo la mwisho nitalirudia.

Kujaza maganda: Marekani ni kitu cha kawaida, watu wana mashine zao gereji. Hapa kwetu kutengeneza risasi kunahitaji leseni yake, na wewe huna. Baruti yenyewe na zile fataki ndogo za kwenye kitako cha ganda utazinunua wapi kihalali? Wanaojaza mitaani ni wale mafundi wa magobole, na ukiona mtutu uliopasuka kwa kazi yao hutauliza tena. Maganda yako waachie wasimamizi wa renji.

Kwa hiyo inabaki duka lenye leseni. Yako machache, mengi yapo Dar na Arusha kwenye soko la wawindaji, na huku kwetu usitegemee kulikuta kila mji. Muuzaji halali atataka leseni yako, ataangalia kaliba (saizi ya risasi) iliyosajiliwa, ataandika kwenye daftari lake, na hatakuuzia nje ya kile ulichoruhusiwa. Kama anakwambia "achana na makaratasi, bosi", geuza ondoka. Ile hesabu ya kuchanga watu watano, mmoja anunue boksi nyingi halafu mgawane, isahau pia. Kila mtu ananunua kwa leseni yake. Kinachowezekana ni kupanga safari. Makambako mpaka Dar ni zaidi ya kilomita mia sita, na nauli na kulala vikiongezwa kwenye boksi moja, risasi inakuwa ya dhahabu. Mimi huunganisha na safari ya mzigo, nachukua zote nilizoruhusiwa kwa mkupuo. Nazisafirisha mwenyewe pamoja na karatasi zake. Kondakta wa basi humpi bahasha ya risasi akuletee, hata kama mnafahamiana tangu utotoni.

Dukani penyewe kuna pesa ya kuokoa ukijua unachosoma. Geuza risasi utazame kitako chake. Kwenye duara lile la shaba utaona maandishi madogo yamegongwa, jina au alama ya kiwanda na kaliba. Ikiwa bastola yako ni ya 9x19, basi "9x19", "9mm Luger" na "9mm Para" ni kitu kimoja, majina tu, usikubali kulipia zaidi kwa sababu boksi limeandikwa tofauti. Lakini 9x18 ya Makarov na 9x17, ile fupi, si zako, japo muuzaji asiyejua atakwambia "zote tisa". Ya Makarov hata kichwa chake ni kinene kuliko cha 9x19. Wenye bastola za zamani za 7.65 wanajua shida yao: risasi hiyo ilitoka mwaka 1899, haitengenezwi kwa wingi kama 9mm, na wakiipata wanalipia uhaba. Kwa hiyo kwenye kaliba wewe uko sehemu nzuri. 9mm ndiyo inayotengenezwa kwa wingi zaidi duniani kwa upande wa bastola, na wingi huo ndio unaoshusha bei.

Kwa karatasi, chukua zile za kichwa kilichovikwa shaba chote. Za tundu kichwani ni ghali na kwenye shabaha hazikuongezei kitu. Uzito wa kichwa nao utauona kwenye boksi: greni 115, 124 au 147, yaani takriban gramu saba na nusu, nane na tisa na nusu. Greni 115 mara nyingi ndiyo ya bei ya chini. Jaribu chache kwanza, kuna bastola inayochagua. Maganda ya chuma huwa rahisi kuliko ya shaba, ila angalia kitabu cha bastola yako kinasemaje.

Hapo ndipo nafuu ya dukani inapoishia, na kusema kweli si kubwa. Pesa nyingi tunaichoma wenyewe uwanjani.

Nenda renji yoyote utazame mtu anayepiga. Anajaza magazini, anamaliza yote kwa pupa, karatasi ina matundu kila kona, anajaza tena. Hajui risasi ipi ilikwenda wapi wala kwa nini. Mimi napiga tano, naweka chini bastola ikiwa tupu, ruhusa ikitolewa naenda kuangalia, naandika kwenye kijidaftari. Tano nyingine. Nikitoka pale nimetumia kidogo na najua nilikosea nini. Anza karibu, mita saba zinatosha. Ukiona matundu yanakusanyika chini kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, tatizo si risasi wala bastola. Unaushtukia mlio, mkono unasukuma chini kabla risasi haijatoka.

Dawa ya huo mshtuko ni risasi bandia, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti. Mwambie mwenzako akujazie magazini achanganye za kweli na za bandia bila wewe kuona. Unalenga, unavuta, inalia tik tu, na unaona mwenyewe mtutu unavyoinama kama mbuzi anayeona majani. Aibu, lakini inafundisha kuliko boksi zima. Na kila ya bandia iliyoingia kwenye magazini ni ya kweli moja iliyobaki.

Mazoezi makubwa kuliko yote hayatumii risasi kabisa. Nyumbani, bastola tupu. Utaratibu wangu ni huu na siubadilishi hata nikiwa na haraka: risasi zote zinafungiwa chumba kingine, natoa magazini, navuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, natazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, naingiza kidole kuhakikisha, kisha nalenga ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, na hapo ukutani nimeegemeza mifuko ya mchanga. Watoto hawapo. Naweka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, navuta triga taratibu. Sarafu ikidondoka, nimetikisa. Ukiweza kuvuta mfululizo bila sarafu kuanguka, utashangaa utakavyopiga mwisho wa mwezi. Zoezi likiisha, limeisha. Ajali nyingi hutokea pale mtu anaporudisha risasi kisha akasema "ngoja nivute moja ya mwisho". Bastola nyingi za kisasa za 9mm hazidhuriki na zoezi hili, ila za kaliba ndogo ya .22 usizivute tupu hovyo, pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba ikaharibu.

Sasa njia ambayo wengi hawaifikirii: zile risasi unazotembea nazo kwa ulinzi ndizo zinazofaa kuwa za mazoezi. Zina umri. Ukiwa mtu wa kuzitoa jioni na kuzirudisha asubuhi, risasi ya kwanza kila siku inagongwa kuingia chemba, na taratibu kichwa chake kinasukumwa ndani ya ganda. Iweke pembeni ya risasi mpya kwenye meza, utaona kwa macho ni fupi. Hiyo usiipige, maana kichwa kikizama ndani presha hupanda kupita kiasi. Itenge na uikabidhi polisi au duka. Ili usifike huko, badilisha ile ya juu kabla haijagongwa mara nyingi, na zilizobaki ambazo hazijafupika zipige kwenye shabaha, kisha weka mpya kwa ulinzi. Unalipia mara moja, unatumia mara mbili.

Kuhifadhi. Njombe na Makete mnajua baridi na ukungu wa mwezi wa sita na wa saba. Risasi yenyewe haiogopi baridi, inaogopa unyevu. Ukitoa kopo lililolala kwenye baridi ukalifungua kwenye chumba chenye jiko la mkaa, shaba inatoa jasho palepale. Acha kopo lifungwe mpaka lipate joto la chumba. Tupia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usizihifadhi kwenye mkanda wa ngozi: dawa ya kulainishia ngozi inakula shaba, inaota kutu ya kijani. Na usizipake mafuta. Watu wanapulizia mafuta ya kulegezea nati wakidhani wanazitunza, yanapenya mpaka kwenye fataki, siku ya siku zinakataa.

Zikikataa, ndipo narudi kwenye risasi za mitaani. Ukivuta ikalia tik, shikilia bastola ikielekea shabaha kwa sekunde thelathini kabla hujafungua, kuna zinazochelewa kulipuka. Hatari kubwa ni ile inayotoa mlio mdogo, puu, bila teke. Simama hapohapo. Usivute tena. Toa magazini, fungua, mkabidhi msimamizi aangalie mtutu, inawezekana kichwa kimekwama katikati. Risasi inayofuata ikikikuta humo, mtutu unapasuka mkononi mwako. Kwa risasi za kiwandani nimeona kukataa mara chache sana. Kwa zile za kuokoteza, jamaa mmoja wa Mbalizi alipoteza bastola nzima. Vidole vilipona kwa neema ya Mungu.

Na hizo pesa unazotaka kuokoa zisikupeleke msituni. Najua Sao Hill ni kubwa na imetulia, lakini kichwa cha 9mm kikikosa shabaha kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na mle ndani kuna wagema utomvu na wapasuaji usiowaona. Lenga mahali palipoidhinishwa, penye kingo ya udongo na msimamizi. Kama hupajui, muulize OCD wako, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, usiulize mtandaoni. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, madini ya risasi si kitu cha kula. Moshi na vumbi la renji vina madini hayo kweli.

Umegusia kununua .22 kwa ajili ya mazoezi tu. Wazo si baya. Risasi yake ni ndogo, kichwa cha greni 40 hivi, na kwenye masoko mengi inauzwa chini ya nusu ya bei ya 9mm. Ndiyo wanayotumia Olimpiki kwenye bastola ya mita 25. Lakini hapa kwetu ni silaha ya pili: maombi mapya kuanzia serikali ya mtaa, kamati ya ulinzi na usalama, polisi, na lazima ueleze kwa nini moja haikutoshi. Mtu anayepiga mara moja kwa miezi mitatu hawezi kurudisha gharama hiyo. Anayepiga kila wiki, sawa. Bastola ya upepo ya milimita 4.5 ni rahisi zaidi kulisha na mita 10 zinaingia kwenye korido, ila usiagize chochote kwenye mtandao kabla ya kuuliza ofisi ya silaha ya polisi kama kinahitaji kibali.

Ukipenda andika hapa aina ya bastola yako na umbali unaolenga, nikwambie zoezi la kuanzia. Namba ya silaha, na unapoihifadhi, usiandike.